Afueni ya ushuru: tusome tarehe kabla ya kushangilia

Huwa ninawapa wanafunzi wangu wa isimu wa mwaka wa kwanza sentensi mbili na kuwataka waniambie kama zina maana moja. Ya kwanza ni hii: "Mwezi wa Januari ushuru utapandishwa." Ya pili ni hii: "Mwezi wa Januari muda wa punguzo la ushuru utakwisha." Baada ya kubishana kwa kitambo, wengi hukubaliana kwamba mfanyakazi atakayepokea mshahara wake mwishoni mwa mwezi huo atakuta kiasi kile kile, habari hiyo iwe imeelezwa kwa sentensi ya kwanza au ya pili. Hata hivyo, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia kwamba sentensi hizo humwathiri msikilizaji kwa namna moja. Katika ya kwanza kuna mtu anayepandisha ushuru, hata kama hakutajwa, naye ndiye wa kulaumiwa. Katika ya pili hakuna mkosaji. Kalenda tu ndiyo iliyofanya kazi yake.

Sentensi hizi si za darasani pekee. Kwa takriban robo karne zimekuwa silaha za vyama viwili vikuu vya Marekani, Republican na Democratic, katika ubishi ambao hurudi kila baada ya miaka michache kama homa ya vipindi: je, punguzo la ushuru lililotolewa kwa muda lirefushwe? Na likirefushwa, liwe la nani: la kila mtu, au la wenye kipato cha chini na cha kati pekee? Nimeufuatilia ubishi huo kwa sababu ya kazi yangu ya lugha, lakini nimejifunza kwao jambo ambalo ni la mfuko zaidi kuliko la sarufi. Nalo ni kwamba katika sheria ya ushuru, neno zito kuliko yote si kiwango, bali ni tarehe.

Tuanze na chanzo. Tarehe 7 Juni 2001 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyoshusha viwango vya ushuru wa mapato takriban kwa tabaka zote. Kiwango cha juu kabisa, ambacho kilikuwa asilimia 39.6, kilipangiwa kushuka kwa awamu hadi asilimia 35. Kwa wa chini, kikaanzishwa kiwango kipya cha asilimia 10, na nafuu anayopewa mzazi kwa kila mtoto ikapangiwa kupanda kutoka dola 500 hadi dola 1,000. Mwaka 2003 ikafuata sheria ya pili, iliyoteremsha hadi asilimia 15 ushuru wa gawio la makampuni na wa faida itokanayo na kuuza hisa zilizokaa muda mrefu. Hii ya pili ilipita katika Seneti kwa kura ya kuamua ya Makamu wa Rais, Dick Cheney, baada ya maseneta kugawanyika 50 kwa 50.

Sasa, kwa nini sheria hizo zilikuwa na ukomo? Katika Seneti ya Marekani, mswada wenye upinzani mkali kwa kawaida hauwezi kupita bila kura 60 kati ya 100, kwani walio wachache wana uwezo wa kuurefusha mjadala mpaka mswada ufe. Upo utaratibu maalumu wa bajeti unaoruhusu wingi wa kura za kawaida, lakini una sharti lake: sheria inayopitishwa kwa njia hiyo haipaswi kuongeza nakisi ya bajeti nje ya kipindi kilichowekwa, ambacho aghalabu ni miaka kumi. Warepublican walipoifuata njia hiyo ya mkato walilazimika kulipa nauli yake, na nauli ilikuwa tarehe. Ikaandikwa kwamba nafuu za sheria ya 2001 zingekoma tarehe 31 Desemba 2010. Msomaji asidhani, basi, kuwa tarehe hiyo ilitokana na utafiti wa wanauchumi waliogundua kwamba Wamarekani wangehitaji nafuu kwa muda huo na si zaidi.

Tarehe hiyo ilipokaribia, Rais alikuwa Barack Obama, naye alikuwa ameahidi kurefusha nafuu kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 250,000 kwa mwaka na kuiacha ikome kwa waliozidi hapo, ambao walikuwa takriban asilimia mbili tu ya kaya zote. Hapa kuna jambo ambalo wengi walilipuuza katika kelele za siku zile. Ushuru wa mapato hutozwa kwa ngazi. Tajiri mwenye kipato cha dola milioni moja asingepokonywa nafuu yote. Angeendelea kuifaidi kwa dola zake 250,000 za mwanzo, sawa na jirani yake wa kipato cha wastani, na kutozwa zaidi kwa zile zilizo juu ya hapo. Kwa hivyo hata pendekezo lililoitwa la kuwanyima matajiri lilikuwa likiwapa. Ila halikuwapa kila walichokitaka.

Haki inatudai tuzieleze hoja za pande zote mbili. Warepublican walisema kuwa uchumi ulikuwa mgonjwa, zaidi ya watu tisa kati ya kila mia walioitafuta kazi hawakuwa nayo, na kwamba wenye biashara ndogo wengi hulipa ushuru kupitia ripoti zao binafsi za mapato. Ukiwatoza zaidi, wataajiri wachache. Wademokrat walijibu kuwa Hazina haikuwa na uwezo wa kubeba nafuu ya matajiri, na kwamba shilingi ya maskini huenda dukani siku ile ile ilhali ya tajiri huweza kulala benki. Hizi ni hoja za kweli, na watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake. Lakini si hoja zilizoamua mambo. Kilichoamua ni kalenda.

Mwanzoni mwa Desemba 2010 maseneta wote 42 wa Republican waliandika barua wakitangaza kwamba hawataruhusu mswada mwingine wowote kuendelea mpaka suala la ushuru na la fedha za kuendeshea serikali litatuliwe. Tarehe 4 Desemba Wademokrat walijaribu kurefusha nafuu kwa walio chini ya dola 250,000 pekee. Wakapata kura 53 dhidi ya 36, zisizofikia zile 60. Wakaupandisha mpaka hadi dola milioni moja. Wakapata kura 53 dhidi ya 37, wakashindwa tena. Endapo mwaka ungemalizika bila mwafaka, afisa wa benki kule New York na mfagizi wa benki hiyo hiyo wote wangepandishiwa ushuru siku moja. Mfagizi akawa mateka, na aliyekombolewa kwa ajili yake ni afisa. Tarehe 17 Desemba 2010 Obama alitia sahihi sheria iliyorefusha nafuu kwa wote kwa miaka miwili. Kwa upande wake alipata kurefushwa kwa malipo ya wasio na kazi kwa miezi 13, pamoja na punguzo la mwaka mmoja katika makato ya mfanyakazi ya Hifadhi ya Jamii, kutoka asilimia 6.2 ya mshahara hadi asilimia 4.2.

Hebu tusite kidogo juu ya makato hayo, kwani ndiyo yaliyonifungua macho. Yalipunguzwa kwa kila mwenye mshahara, hata yule ambaye kipato chake ni kidogo mno kiasi cha kutodaiwa ushuru wa mapato. Punguzo hilo lilirefushwa hadi mwisho wa 2012, kisha likaachwa life. Mfanyakazi wa dola 50,000 kwa mwaka akapoteza dola 1,000. Je, palikuwa na vita bungeni kwa ajili yake? Hapana. Wale wale waliokesha wakipinga kila senti ya ongezeko kwa wenye nacho hawakuiita hiyo ongezeko. Nao wale waliojitangaza kuwa watetezi wa wanyonge hawakupigana. Ushuru wa mfanyakazi haukupandishwa, tuliambiwa. Muda wa punguzo lake ulikwisha. Sentensi yangu ya pili ya darasani, msomaji, ndiyo hiyo.

Tuigeukie lugha yenyewe. Sheria nne nilizozigusia au nitakazozigusa hivi punde, za 2001, 2003, 2010 na 2012, zote zina katika majina yao rasmi neno ambalo magazeti yetu hulitafsiri kama "afueni". Mwanaisimu wa Marekani George Lakoff alikwisha kueleza ujanja wa neno hilo. Afueni hupata mgonjwa. Ukishakubali kuliita punguzo la ushuru afueni, umekwisha kubali, bila kuulizwa, kwamba ushuru ni maradhi, anayeuondoa ni tabibu, na anayetaka ubaki ni adui wa afya yako. Shule, barabara na zahanati ambazo ushuru huo huo ulizijenga hazimo katika picha hiyo. Kadhalika Warepublican walifaulu kuupa ushuru wa mirathi, unaowagusa wachache wenye mali nyingi mno, jina la "ushuru wa kifo". Na kwa kuwa kila mtu atakufa, kila mtu akadhani unamhusu. Wademokrat nao hawana la kujivunia. Sheria za 2010 na 2012 zilipewa jina la afueni chini ya rais wao. Tena "tabaka la kati" walilolitetea lilikuwa likivutwa kama mpira: leo linaishia dola 250,000, kesho 400,000, na siku moja lilikaribia milioni, katika nchi ambapo kaya ya wastani mwaka 2010 ilipata kama dola 50,000.

Usiku wa kuamkia 2013 ulikuwa kilele cha mchezo huu wa maneno. Nafuu zote zilikuwa zikome saa sita ya usiku. Saa hiyo ikapita. Seneti ikapiga kura kiasi cha saa nane usiku, tarehe 1 Januari, na kuupitisha mswada kwa kura 89 dhidi ya 8; Baraza la Wawakilishi likafuata baadaye siku hiyo. Viwango vya zamani vikarudishwa kwa walio juu ya dola 400,000, au 450,000 kwa wanandoa, na wengine wote wakabakishiwa nafuu yao bila kikomo. Kwa kuwa mwaka ulikuwa umeshageuka na ushuru, kisheria, ulikuwa umeshapanda wenyewe, mbunge aliyekuwa ameapa kutopandisha ushuru aliweza kuiunga mkono sheria hiyo na kusema kwamba alikuwa akiushusha. Saa mbili za usiku ziligeuza maana ya kitenzi.

Ungetarajia kuwa Wamarekani wangejifunza. Lakini mnamo 22 Desemba 2017 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria nyingine kubwa, iliyopitishwa kwa njia ile ile ya mkato. Safari hii waandishi wake walikuwa na nafasi ya kuchagua nani apewe tarehe na nani asipewe. Ushuru wa makampuni ulishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21, na punguzo hilo halikuwekewa mwisho. Nafuu nyingi za watu binafsi ziliandikiwa kukoma mwishoni mwa 2025. Kampuni ilipewa shamba kwa hati miliki. Mfanyakazi alipewa kulilima kwa msimu.

Msimu ulipokaribia kwisha, ubishi ukarejea kama ulivyotarajiwa. Wademokrat walitaka nafuu ibaki kwa walio chini ya dola 400,000, na Warepublican wakataka ibaki kwa wote. Jambo jipya lilikuwa la hesabu. Warepublican katika Seneti walidai kuwa kurefusha nafuu iliyopo hakugharimu kitu, kwa kuwa hakuna kinachobadilika. Ni sawa na mtu aliyeazima jembe la jirani kwa msimu mmoja, kisha msimu ulipokwisha akasema kwamba kukaa nalo milele hakumpunguzii jirani chochote, maadamu jirani alikuwa amekwisha kuzoea kutokuwa nalo. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, kwa hesabu ya kawaida, ilikadiria kuwa sheria hiyo ingeongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Ilipita katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais JD Vance akiamua, na kutiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025.

Nimeisoma sheria hiyo kwa jicho la tarehe. Viwango vya ushuru wa mapato, pamoja na kile cha juu cha asilimia 37, vimefanywa vya kudumu. Nafuu ya mhudumu wa hoteli kwa bakshishi anayopewa, na ya kibarua kwa malipo ya saa za ziada, ambazo ndizo zilizopigiwa ngoma zaidi majukwaani, zinakwisha 2028. Sharti la kufanya kazi saa 80 kwa mwezi, wanalowekewa baadhi ya maskini wanaotibiwa kwa bima ya serikali, limepangiwa kuwa limeanza kila mahali ifikapo mwanzo wa 2027, yaani baada ya uchaguzi wa bunge wa Novemba 2026. Ofisi ile ile ya bajeti ilikadiria kuwa, kwa kujumlisha ushuru na huduma zilizopunguzwa, sehemu moja ya kumi ya kaya iliyo maskini zaidi itapoteza wastani wa takriban dola 1,200 kwa mwaka, na ile iliyo tajiri zaidi itaongezewa kama dola 13,600.

Huenda msomaji wa Kakamega au Voi akauliza haya yanamhusu vipi. Yanamhusu. Katika kutafuta fedha za kupunguza pengo lililoachwa na nafuu hizo, wabunge wa Marekani waliwakumbuka wahamiaji wanaotuma fedha kwao. Mapendekezo yalianza na tozo ya asilimia 5, yakashuka hadi 3.5, na mwishowe ikapitishwa asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa kwa pesa taslimu na njia za namna hiyo, kuanzia 1 Januari 2026. Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Mwenye akaunti ya benki huko haguswi. Anayeguswa ni yule anayefika kwenye dirisha la kutumia pesa akiwa na noti mkononi, akitafuta karo ya mdogo wake. Nayo tozo hiyo haikuandikiwa tarehe ya kwisha.

Isitoshe, sisi wenyewe tuliyapitia haya, ila hatukuyapa jina. Mnamo Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Kenya ilishusha kiwango cha juu cha ushuru wa mapato ya watu binafsi na kile cha makampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, ushuru wa thamani ya ziada, VAT, ukashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa katika ushuru wa mapato. Tarehe 1 Januari 2021 viwango vya juu vikarudi asilimia 30, lakini msamaha wa wale wa shilingi 24,000 ukabaki. Kwa maneno mengine, kuhusu mapato, tulifanya jambo ambalo Obama alilitaka 2010 akalikosa, na sikumbuki kama kuna aliyetupongeza. Hata hivyo, siku hiyo hiyo VAT nayo ilirudi asilimia 16, na VAT haimwulizi mnunuzi wa sabuni anapata mshahara gani. Tulichompa mnyonge kwa mkono mmoja tulimpunguzia kwa mwingine.

Nasema haya si kwa kuwa napinga kupunguziwa ushuru. Mimi pia hukatwa mshahara. Wala sidai kwamba nafuu ya muda ni ubaya kila inapotokea. Janga lina mwanzo na mwisho, na nafuu ya janga yaweza kuwa nao vilevile. Ninachopinga ni tarehe inayowekwa kama mtego, ili siku ya kwisha kwake mnyonge atumiwe kuwa ngao ya mwenye nguvu, au aachwe aanguke kimya kimya kwa kisingizio kwamba hakuna aliyemsukuma.

Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walitufundisha kwamba Mswada wa Fedha si siri ya wahasibu. Waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri katika lugha za nchi hii, na Rais akaukataa. Nawaomba waongeze maswali matatu kila mswada wa namna hiyo utakapochapishwa. Nafuu hii ni ya nani? Inakwisha lini? Na ikiwa ya mmoja inakwisha na ya mwenzake haikwishi, nani alichagua hivyo? Waziri atakayesimama Bungeni kutusomea bajeti na kutamka neno "afueni" aulizwe maswali hayo kabla ya makofi.

Wahenga walituonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Tunaposhangilia nguo mpya, tuhakikishe kwanza kwamba ni yetu, na kwamba mwenyewe hatakuja kuivua sokoni mchana, huku akituambia kuwa hakutuvua nguo, ila muda wa kuivaa ndio uliokwisha.